Shimo Lisilo na Kijiti

Fomu ilikuwa na maswali kumi na tisa. La kwanza hadi la sita niliyajibu kwa kalamu ya buluu bila taabu: jina, mtaa, kazi, aina ya taka, zinatoka wapi, zinabebwa na nini. La saba likanikwamisha. Liliuliza: "Lundo litageuzwa mara ngapi kwa mwezi?" Nikaandika: "Sina lundo. Nina shimo." Baada ya siku tisa fomu ikarudi ikiwa na duara jekundu hapo hapo kwenye la saba, na pembeni mtu ameandika: "Jibu swali."

Nimefundisha madrasa kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimekaa na watu wazima waliokuja kujifunza alifu wakiwa tayari na wajukuu, na sikumbuki kama niliwahi kumkasirikia mtu kwa kutoelewa. Subira nimeifundisha, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu na mimi nimegawiwa kidogo. Lakini lile duara jekundu liliniingia kama mchanga ndani ya kiatu, na nikatembea nalo karibu mwaka mzima.

Shimo lenyewe liko nyuma ya jiko letu, hatua nane kutoka mlangoni, hapa pembezoni mwa Tunduma. Limejengwa kwa matofali ya kuchoma, la mviringo kama chungu kikubwa kilichozikwa, na juu lina kuba la sementi. Ukipita unaona kuba tu, limetokeza kwenye udongo kama kipara cha mzee. Upande mmoja kuna mdomo. Kila asubuhi baada ya kumaliza nyiradi zangu za baada ya swala natia humo ndoo mbili za samadi iliyokorogwa na maji, na juu yake mabaki ya chakula na mboga zilizoharibika. Vitu hivyo vinaoza humo gizani, bila hewa. Kuoza kwake kunatoa gesi, gesi inapanda kwenye kuba, na bomba linaipeleka jikoni. Kile kinachobaki, tope jeusi lisilo na harufu ya kukera, kinajisukuma chenyewe na kutokea upande wa pili. Ukilimwaga tope hilo kwenye migomba, migomba inakushukuru mbele ya watu.

Chakula cha shimo sikitafuti mbali. Malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, yanaweza kukaa siku mbili, mara nyingine zaidi. Ndizi zinaiva zikapita, kabichi zinalainika, vitunguu vinaanza kutoa maji. Mama lishe wanaowapikia madereva nao wanabaki na maganda na makoko ya ugali. Zamani vyote hivyo vilitupwa mtaroni. Mimi nilipata mwenye guta, akawa ananiletea magunia mawili au matatu kwa juma. Nilimshukuru Mola kwa foleni ile, jambo ambalo nadhani hakuna dereva aliyewahi kulifanya.

Lakini sikulijenga shimo kwa ajili ya migomba. Nililijenga kwa ajili ya mke wangu. Amepika kwa kuni na mkaa tangu siku alipoingia nyumbani kwangu, na kwa baridi ya huku juu alizoea kufunga mlango wa jiko ili joto lisitoke. Na moshi nao haukutoka. Kifua kikaanza kumbana, akawa analala ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa atampa, lakini dawa haiwezi kushindana na jiko. Tulinunua mtungi wa gesi. Ulipoisha katikati ya mwezi alirudi kwenye mkaa kimyakimya, bila kuniambia, na nilijua kwa kumsikia tu akikohoa kupitia ukutani. Ndipo nikaamua kupata gesi isiyokwisha.

Siku tulipowasha jiko kwa mara ya kwanza, mwali ukiwa wa buluu na hauna sauti, mke wangu aliutazama sana, akasema, "Maalim, moto huu una adabu."

Majirani walikuja na swali lao, na lilikuwa swali la haki: chakula kilichopikwa kwa moto wa samadi ni halali? Tulikaa barazani baada ya Alasiri, mimi na wazee wawili wa kamati ya msikiti. Nikawaeleza kwamba wanachuoni waliotutangulia walishajadili mkate uliookwa kwa moto wa samadi karne nyingi kabla ya bomba la plastiki, na kwamba tope hilo mtu akilishika atanawa kabla ya kuswali, basi. Tukajadiliana, tukapingana kidogo, tukakubaliana. Magharibi ilipoadhiniwa suala lilikuwa limefungwa. Nalitaja hili si kwa kujisifu. Nalitaja ili msomaji alinganishe na yaliyofuata.

Aliyefuata alikuwa bwana afya. Kijana mstaarabu, kavaa sweta la kijivu, kabeba faili kifuani kama mtu anayembeba mtoto. Alisema kuna sheria ndogo mpya ya taka. Kila anayekusanya taka za sokoni na mitaani lazima awe na kibali, na kibali kina milango mitatu: dampo, choo au mboji. Akauliza mimi ni mlango gani.

"Mimi ni jiko," nikamwambia.

"Jiko halimo, mzee."

Akalizunguka kuba mara mbili, akainama kwenye mdomo, akanusa. "Hiki ni choo," akasema.

"Hakuna mtu anayejisaidia humo."

"Samadi si kinyesi?"

"Ni kinyesi cha ng'ombe wa jirani. Ng'ombe mwenyewe yuko kwake."

Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua mchele. "Baba," akamwambia, "kama hicho ni choo, basi chai uliyokunywa sasa hivi imechemshiwa chooni."

Kijana aliangalia kikombe chake, akakiweka chini taratibu. Hakutukasirikia, ila alieleza kwamba nikisajiliwa kama choo, shimo litapaswa kuwa hatua thelathini kutoka jikoni, na tope lake haliruhusiwi kugusa bustani. Litanyonywa na gari la maji taka. Bomba letu lina hatua nane. Kulihamisha shimo ni kulijenga upya. "Jaribu mboji," akasema akiwa anaondoka. "Mboji ni ya kilimo. Nitakupa hadi mwisho wa robo hii. Baada ya hapo, mzee wangu, itabidi lifukiwe."

Hivyo nikaingia mlango wa mboji, na huko nikakutana na fomu niliyoitaja, na bibi shamba aliyeileta.

Bibi shamba alikuwa binti wa Mbozi, aliyelelewa kwenye kahawa, na kazi yake anaipenda; hilo lilionekana tangu alipoinama kuangalia mizizi ya mgomba kabla hata hajakaa. Alinisalimia "Shikamoo Maalim" kwa heshima iliyonyooka. Tatizo ni kwamba alikuwa amefundishwa mboji moja tu, akaishika kama mwanafunzi mzuri anavyoshika herufi. Mboji ni lundo. Lundo linapumua. Lundo linageuzwa. Na katikati ya lundo kuna kijiti.

Kwa asiyejua: wakulima wa huku wakitengeneza mboji huchomeka kijiti kirefu mpaka kati ya lundo. Baada ya siku kadhaa hukichomoa na kukishika. Kikiwa na joto na unyevu, lundo liko hai. Kikiwa kikavu, liongezwe maji. Kikiwa cha baridi, limekufa, livunjwe lianzwe upya. Ni kipimo kizuri, hakihitaji betri. Mtu ofisini alikipenda akakitia kwenye fomu, swali la kumi na moja: "Je, kijiti cha ukaguzi kipo?"

"Maalim, hapa kijiti kiko wapi?"

"Hakuna kijiti, mama. Shimo limezibwa. Likiingia hewa haliwezi kufanya kazi."

"Mboji bila hewa ni uvundo."

"Uvundo ndio unaotupikia."

Alitabasamu, lakini kalamu yake haikutabasamu. "Mimi sikukatalii, Maalim. Ila nikiandika hakuna kijiti, kule juu watakataa. Nikiandika kipo na hakipo, nitakuwa nimesema uongo. Unataka niseme uongo?"

Alinishika pabaya. Mimi ndiye niliyefundisha watoto wa mtaa mzima kwamba uongo mdogo haupo. Nikamwambia anipe majuma mawili.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Aliendelea kusonga ugali. "Kifua changu hakijui kusoma fomu," akasema. "Fanya utakalofanya, ila moto huu usizimike."

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na nitalieleza lilivyokuwa. Tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka katika lisilo la haramu. Kijiti si haramu. Nilikaa nikajiambia: wanataka kijiti, wapewe kijiti. Utii kidogo utafungua mlango. Nikamwita fundi aliyelijenga shimo.

Fundi ni Mnamwanga. Amejenga pande zote mbili za mpaka, na huniita bashikulu, yaani babu, kwa Kibemba cha Nakonde, ingawa tumepishana miaka michache tu. Nikamwonyesha mahali: juu ya kuba, karibu na bomba, atindue tundu dogo, apitishe kijiti kifike kwenye tope, na pembeni azibe kwa mpira wa tairi la lori.

Aligonga kuba kwa vidole. "Bashikulu, hii ni ngoma. Unataka niitoboe ili tuone kama inalia?"

"Nataka tundu dogo tu."

"Tundu la ngoma halina dogo."

"Ofisi inataka kijiti."

"Ofisi ikitaka kuona kama mke wako ana mimba, utamtoboa?"

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaamua, na mzee akishaamua jambo kwa nia njema ni vigumu kumzuia kuliko mlevi. Nilimwamuru. Fundi akaachia gesi yote itoke, akakataza moto jikoni na kwa jirani, akachukua tindo na nyundo. Nilisikia kila pigo kwenye meno yangu. Tundu likapatikana, kijiti kikapita, mpira ukakazwa kwa waya. Ulipendeza hata. Jiko siku ile liliwaka kwa udhaifu, tukajipa moyo kwamba gesi inajikusanya upya.

Bibi shamba alikuja asubuhi moja ya Juni, baridi ile ya Tunduma inayomfanya mtu aseme kwa kifupi. Alifurahi kuona kijiti. Akavaa glavu, akakikamata, akakivuta. Kikatoka na mlio wa kupuliza kama tairi linaloishiwa upepo, na harufu ya mayai yaliyooza ikatupiga usoni. Kijiti kilikuwa cheusi, kinadondoka tope, na baridi kama kisu. Alikishika juu, akakishika chini, akakishika katikati. Akaandika. Nilisoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu: "Lundo halina joto. Limekufa."

"Mama," nikamwambia, "unasikia hiyo sauti? Maiti hapulizi."

"Nasikia, Maalim. Ila swali la kumi na mbili linauliza joto. Haliulizi sauti."

Aliniachia nakala. Chini yake palikuwa na mstari uliochapishwa tangu kiwandani: lundo lililokufa livunjwe ndani ya siku thelathini. Kwa shimo, alieleza kwa masikitiko ya kweli, kuvunja maana yake ni kufukia.

Kijiti tulikirudisha, lakini mpira haukukaza tena, na mapigo ya tindo yalikuwa yameacha ufa mwembamba kwenye kuba, mrefu kama uzi wa kushonea. Fundi alipaka sabuni ya maji juu yake, tukaona mapovu yakitoka kwenye ufa wote. Hakuniambia "nilikuambia". Aliguna tu, akaenda kuosha mikono. Ningependa angesema.

Jiko likazimika siku ya tatu. Siku ya nne nilirudi kutoka msikitini nikakuta mkaa umewashwa na mlango wa jiko umefungwa kwa ajili ya baridi.

"Fungua mlango basi," nikamwambia.

"Nikifungua unaingia upepo, nakohoa. Nikifunga unabaki moshi, nakohoa. Chagua wewe, Maalim, wewe ndiye msomi."

Ndoa yetu haijawahi kuwa na neno kali kuliko hilo, na alilisema bila kupandisha sauti. Mito mitatu ikarudi kitandani. Nikamwomba Mola anisamehe, kisha nikaona aibu, kwa kuwa tundu lile halikutobolewa na Mola wala ofisi. Nilimlipa fundi mimi.

Nilikwenda Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu. Niliambiwa sheria yenyewe, si fomu, inapatikana kwenye ofisi moja huko. Niliongozwa kutoka dirisha hadi dirisha, kila mtu akiniita mzee wangu na kunielekeza mbele. Asubuhi ikaisha, na Adhuhuri nikaiswali kwenye ukumbi wa ofisi, juu ya koti langu. Dirisha la nne lilikuwa na mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Akanipa sheria ndogo, kurasa kumi na moja zilizobanwa, akaniambia nisome pale pale kwa sababu ni nakala moja.

Sisi tuliosomea vitabu vya dini tunafundishwa mapema kutofautisha matini na sherehe yake. Matini ni maneno yenyewe ya asili, mara nyingi machache. Sherehe ni maelezo ya waliokuja baadaye, na huwa marefu mara kumi. Mwanafunzi mvivu husoma sherehe akadhani ndiyo matini. Niliisoma sheria ile polepole, kidole chini ya mstari. Ilisema mboji ni taka za mimea, za mifugo na za jikoni zilizoozeshwa mpaka zikawa rutuba isiyodhuru. Basi. Haikusema hewa wala lundo. Haikusema kugeuza. Kijiti hakikuwamo kwenye kurasa zote kumi na moja. Kijiti kilikuwa cha fomu.

Nilimwomba yule mama kipande cha karatasi, nikanakili kifungu kwa mkono. "Umepata ulichotaka, baba?" akaniuliza.

"Nimepata ambacho hakimo," nikamjibu. Akanipa glasi ya maji. Namshukuru mpaka leo; nilikuwa sijanywa kitu tangu asubuhi.

Nilirudi Tunduma nikijiona nimeshika upanga. Bibi shamba alikuja, akasoma karatasi yangu mara mbili, akakubali kila neno. "Ni kweli, Maalim. Sheria haina kijiti." Nikangoja. "Lakini mimi sijazi sheria. Najaza fomu."

Hapo ndipo subira yangu iliponiponyoka. Sikupiga kelele. Nilisema tu, kwa sauti ambayo darasani hunyamazisha safu ya nyuma, kwamba nimeishi chini ya mabalozi, wenyeviti na makatibu wa kila aina, nimejaza fomu za mahindi, za hija na za maziko, na sijawahi kuona karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kitu kimoja ikaachiwa kuua kitu kingine kwa sababu tu hakifanani nacho. Bibi shamba aliinamisha macho. Nilipoona hivyo nikajuta. Nikaomba radhi, kwa kuwa fomu hakuitunga yeye. Tukabaki watu wawili wenye nia njema, na siku kumi na moja zimebaki kabla ya kufukia.

Mke wangu akatoka jikoni akiwa amejifunika kanga mdomoni. "Mmemaliza?" akauliza. "Maana mimi nataka kuuliza swali la mjinga."

"Uliza, mama," bibi shamba akasema.

"Lundo lazima liwe la joto?"

"Ndiyo."

"Na kijiti katikati?"

"Ndiyo."

"Maalim, kuku wetu asubuhi hizi za baridi wanalala wapi?"

Nikamwambia wanalala juu ya mabua, nyuma ya migomba, kama kila siku. Nikasikia nilichokisema.

Tope la shimo huwa jepesi, halibebeki. Majirani wakija kuomba mbolea hawawezi kulibeba kwenye magunia. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nalimwaga juu ya mabua ya mahindi nyuma ya migomba, nayaacha yanywe, nayageuza kwa reki mara mbili kwa mwezi majirani wanapokaribia kuja, na yakikauka kidogo wanabeba. Miezi yote ile. Sikuwahi kuyaita lundo. Kwangu yalikuwa mahali pa kumwagia. Nilikuwa nimeandika "Sina lundo" kwa kalamu ya buluu, mimi mwenyewe, na lundo liko hatua ishirini kutoka nilipokaa, kuku wamelilalia kwa sababu lina joto.

Tulikwenda wote watatu. Moshi mwembamba wa mvuke ulikuwa unapanda kwenye mabua. Bibi shamba aliwafukuza kuku, akachomeka mkono wenye glavu, akautoa haraka. "Hili linaungua," akasema.

"Unaona," mke wangu akasema. "Umekwenda Vwawa kutafuta kitu ambacho hata kuku anakijua."

Niliingiwa na wasiwasi mmoja, nikautoa. Sikutaka lundo liwe pazia la kuficha shimo. Nikasema fomu nitaijaza, ila swali la saba nitaandika ukweli wote: lundo linageuzwa mara mbili kwa mwezi, nalo linalishwa na tope la shimo lililo karibu, na shimo ndilo linalooza kwanza, bila hewa. Kama nafasi haitoshi, nitaongeza karatasi. Bibi shamba akafikiri, akasema karatasi ya nyongeza inaruhusiwa. Hakuna swali linaloikataza.

Tulichomeka kijiti siku hiyo hiyo. Baada ya siku saba kilichomolewa kikiwa na joto la kikombe cha chai. Bwana afya naye alikuja, akasoma, akalizunguka kuba kwa mara ya tatu katika maisha yake, akaridhika. Kibali kikatoka: lundo la mboji, pamoja na chombo chake cha kuandalia. Hiyo ndiyo nafasi ya shimo kwenye karatasi, chombo cha kuandalia. Neno jiko halimo, na gesi haikutajwa.

Fundi alilikomba shimo kwa ndoo. Akaliacha wazi siku nyingi ili hewa mbaya itoke kabla ya mtu kushuka, akapiga lipu upya kwa ndani, akaziba tundu la kijiti kwa zege. Tukalisha samadi, tukangoja. Kungoja kule kulikuwa kwa majuma, kwa sababu baridi ilikuwa bado na shimo kama tumbo la mgonjwa halitaki kuharakishwa. Majuma yote hayo mke wangu alipika kwa mkaa, na mimi nilikaa naye jikoni, mlango wazi, blanketi mabegani mwake, nikipuliza moto ili yeye asiupulize. Nilistahili moshi ule kuliko yeye.

Asubuhi moja alifungua koki, akawasha kiberiti, mwali ukashika. Wa buluu. Alibandika birika, nikamaliza nyiradi zangu nikiwa nimesimama hapo hapo. Alhamdulillahi. Mito mitatu imekuwa mmoja, si kwa siku moja, na bado kuna siku za baridi anaomba wa pili.

Kila baada ya miezi mitatu bibi shamba anakuja kukagua. Anatusalimia, anapita kando ya kuba bila kulitazama kwa sababu halimo kwenye swali lolote, anakwenda nyuma ya migomba kufukuza kuku na kuchomoa kijiti. Anakishika juu, chini na katikati. Anaandika kwamba lundo liko hai. Mara ya mwisho fomu ilikuwa mpya, imeongezwa maswali mawili, na la ishirini liliuliza ikiwa lundo lina uzio dhidi ya kuku.

Nilivuta pumzi ili nianze. Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Muulize kwanza kama atakunywa chai, Maalim," akasema. "Imeshachemka."